Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumehangaika zaidi na jambo moja: kudai wapangaji warudishiwe kodi ya pango waliyolipa kwa nyumba zisizo na leseni. Kwa wanachama wapya: hapa Uingereza nyumba ya watu watano au zaidi wasio wa familia moja, wanaochangia jiko au choo, lazima iwe na leseni ya halmashauri. Halmashauri nyingi za London huidai hata kwa watu watatu. Kupangisha bila leseni ni jinai, na mpangaji anaweza kuliomba baraza la nyumba arudishiwe kodi ya hadi miezi 12.

Nyumba moja niieleze kidogo. Wenzetu sita, jiko moja, rafu za friji zimebandikwa majina kwa plasta. Kodi walilipa taslimu kila Ijumaa, risiti hakuna. Kosa lenyewe lazima lithibitishwe pasipo shaka, kama kesi yoyote ya jinai, nasi tulikuwa na maneno matupu. Kilichotuokoa ni daftari la mama mmoja: kila wiki aliandika kiasi, mtoto wa mwenye nyumba akatia sahihi. Tukaongeza picha za friji. Walishinda, ila si kila senti. Gesi na umeme vilivyokuwa ndani ya kodi vilikatwa, na sehemu iliyolipwa na posho ya serikali pia. Wapo walionung'unika kuhusu posho. Mimi sioni dhuluma, hela ile haikutoka mfukoni mwao.

Kwenye nyumba ya pili kosa ni letu, hasa langu. Mwenye nyumba alipopeleka maombi ya leseni, kosa lake lilikoma siku hiyo, na miezi 12 ya kudai ikaanza kuhesabika. Sisi tukasubiri wapangaji wote waafikiane. Tulipokuwa tayari, muda ulishapita wiki tatu. Nilikwenda kumwomba radhi mwenzetu nyumbani kwake, na narudia mbele yenu.

Ya tatu ilikwamia kwa mtu wa kati aliyekodi nyumba nzima, akapangisha vyumba, kisha akatoweka. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kwamba anayedaiwa ni yule aliyekupangisha moja kwa moja, si mwenye nyumba aliye juu yake. Sheria iliyopitishwa Oktoba 2025 inaondoa kizuizi hicho kuanzia 1 Mei 2026, na kodi ya kudai itafika miezi 24.

Hesabu atasoma mhazini.

Madaftari ya risiti yako kwa katibu, kila mmoja achukue lake. Mwenye nyumba akikataa kutia sahihi, mtumie ujumbe wa simu siku hiyohiyo ukitaja kiasi ulicholipa, na usiufute.