Njia ya kwenda kwa Mtume Yakobo kwa siku tisa

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, na habari ya mama kupona imenitoa machozi. Mungu ni mwema. Sasa tuzungumze hiyo nadhiri.

Unasema unataka kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, uvuke milima ya Pyrenees. Ni njia nzuri kweli. Lakini kutoka pale hadi Santiago de Compostela, Hispania, liliko kaburi la Mtume, ni karibu kilomita 780, mwendo wa mwezi mzima na zaidi, nawe kazini wamekupa siku tisa. Ukitoa ya kwenda na ya kurudi, ukatembea zote zilizobaki bila kupumzika, utaishia Logroño. Kaburi la Mtume haliko Logroño. Na wewe hukuweka nadhiri ya kuvuka milima. Uliahidi kwamba mama akiinuka kitandani, utakwenda kwa miguu kushukuru mbele ya kaburi la Mtume Yakobo. Basi lazima ufike. Mengine yote yafuate hapo.

Wengi watakutajia mji wa Sarria. Hati ya Compostela, yaani cheti cha kumaliza hija, hupewa aliyetembea walau kilomita 100 hadi Santiago, na Sarria iko umbali wa kama 115, kwa hiyo ndiko wanakoanzia watu wengi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2024 mahujaji waliopokewa Santiago walikaribia laki tano. Nakujua, unapenda kusali kimya. Umati ule utakuchosha kuliko vilima.

Ipo pia njia ya Waingereza, kutoka bandari ya Ferrol, walikoshukia mahujaji waliokuja kwa meli kutoka Uingereza na Ireland. Hiyo naipenda kwa moyo wote, kwa sababu ukianzia baharini umeitembea nzima, si kipande. Ila kutoka Pontedeume ni kupanda, na baada ya Betanzos ni kupanda tena, kwa muda mrefu. Goti lako sitaki kulijaribu huko.

Nakushauri uanzie Tui, kwenye njia ya Wareno. Shuka na ndege Porto, panda treni hadi Valença, uvuke daraja la mto Minho kwa miguu. Ng'ambo ni Tui, Hispania. Kutoka hapo ni siku sita: O Porriño, Redondela, Pontevedra, Caldas de Reis, Padrón, Santiago. Hakuna siku inayozidi sana kilomita 25, na vilima vyake ni vya kawaida. Karibu na O Porriño kuna viwanda na barabara ya lami inayochosha. Fuata njia ya pembeni inayopita mtoni. Caldas de Reis kuna chemchemi za maji moto, na mahujaji hukaa hapo kuloweka miguu. Usipite bila kuketi! Fuata mishale ya manjano. Ya buluu inaelekea Fátima.

Halafu Padrón. Mapokeo yanasema wanafunzi wa Yakobo, baada ya Herode kumuua kwa upanga, walileta mwili wake kwa mashua hadi hapo, wakaifunga kwenye jiwe. Jiwe hilo limehifadhiwa chini ya altare ya kanisa. Piga magoti pale, umtaje mama kwa jina. Kesho yake utakuwa kaburini.

Siku inayobaki usiijaze safari nyingine. Goti likivimba njiani, utaihitaji. Lisipovimba, hudhuria misa ya mahujaji saa sita mchana bila haraka. Begi kubwa liache ulikolala, maana kanisani hawaruhusu.

Najua utauliza kuhusu 2027. Ni kweli, tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, itaangukia Jumapili, utakuwa Mwaka Mtakatifu na Mlango Mtakatifu utafunguliwa. Lakini nadhiri haiwekwi akiba, na mama angependa kukusikia ukimsimulia mwaka huu.

Nitajie tarehe zako kabla hujakata tiketi, nikutumie kwa posta pasipoti ya hujaji, kile kijitabu cha mihuri. Ukiwa njiani igongeshe mihuri miwili kila siku, kanisani au unakolala, la sivyo hati hawakupi. Mama msalimie sana, na umwambie namwombea.

Ndugu yako katika Kristo