Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025, pamoja na Maelezo kuhusu Siku ya Profesa Maguire

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama madereva wa hapa London, assalaam alaykum na Bwana asifiwe. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, jambo sana.

Mkutano huu ulitangazwa kuanza saa nane mchana. Akidi imetimia saa kumi kasorobo, tena baada ya katibu kutoka nje na kuwagongea vioo watu waliokuwa wamekaa kwenye magari yao wakisubiri simu ilie wapate abiria. Naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumezika wawili, mmoja hapa London na mmoja tumemsafirisha Mombasa. Tumefuturu pamoja, tumechangia harusi moja, na mechi ya kirafiki tulicheza tukafungwa. Msaada kwa wagonjwa ulitolewa kama kawaida.

Fedha. Tuko wanachama 84. Ada ni pauni 120 kwa mwaka. Waliomaliza ni 37, waliolipa nusu ni 19, na 28 hawajatoa hata peni moja. Tumekusanya pauni 5,580, tunadai pauni 4,500. Rambirambi na usafirishaji vimekula pauni 3,400. Mengine mweka hazina anayo kwenye daftari, na mwenye shaka alione daftari, asilione kundi la WhatsApp.

Sasa nije kwenye lile ambalo limeninyima usingizi tangu Mei.

Mnakumbuka kwamba tarehe 4 Januari 2025 alifariki hapa London Profesa Eleanor Maguire, mwanasayansi wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 54. Mwezi Februari kamati ilikaa na kuamua kuandaa Jumapili moja ya kumkumbuka na kuieleza kazi yake kwa Kiswahili. Kura zilikuwa nne kwa tatu. Ni kweli ya nne ilikuwa yangu, na katiba inaniruhusu. Gharama ilikuwa pauni 860: ukumbi 300, pilau na chai 390, vijitabu 170. Fedha hizo zilitoka kwenye fungu la sherehe ya Desemba, na ndiyo maana Desemba hii hakutakuwa na nyama choma. Nimeshasikia yote yaliyosemwa. Nitajibu moja moja, maana nimekaa kimya vya kutosha.

Swali la kwanza: mama huyu wa Ireland alitufanyia nini sisi? Alizaliwa Dublin mwaka 1970, akasomea saikolojia na kupata huko huko shahada ya uzamivu, akahamia London mwaka 1995 kwenye maabara ya picha za ubongo iliyoko Queen Square, chini ya chuo cha UCL. Hakuhama tena. Mwenyewe alikiri hadharani kwamba kwa njia alikuwa mbumbumbu, anapotea ovyo. Huenda ndiyo maana akawatazama madereva wa teksi kwa jicho ambalo wasomi wenzake hawakuwa nalo. Wao walipanda, wakalipa, wakashuka. Yeye akajiuliza: huyu bwana barabara 25,000 ameziweka wapi kichwani?

Mwaka 2000 akatoa jibu lililompa jina. Alichukua madereva 16 wa teksi nyeusi, akapiga picha za bongo zao, akazilinganisha na za wanaume 50 wasioendesha teksi. Ndani ya ubongo kuna kiungo kiitwacho hipokampasi, kimoja kila upande. Wataalamu wa zamani walikiita hivyo kwa kuwa kinafanana na yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Kwa madereva, sehemu ya nyuma ya kiungo hicho ilikuwa kubwa kuliko ya wale wengine, na ya mbele ilikuwa ndogo. Zaidi ya hapo, kwa upande wa kulia, kadiri dereva alivyokuwa na miaka mingi kazini ndivyo sehemu ile ya nyuma ilivyozidi. Nyakati zile wengi waliamini ubongo wa mtu mzima umeshakauka kama tofali, haubadiliki umbo. Leo ni vigumu kukuta somo la ubongo chuoni lisilomtaja dereva wa teksi wa London. Sasa niambieni, ni msomi gani mwingine amemwingiza dereva darasani, si kama mtu wa kubeba mizigo bali kama somo lenyewe?

Swali la pili, na hili lina sumu ndani yake: eti mwenyekiti ana beji ya kijani, ile ya kuendesha teksi nyeusi London nzima, wanachama wengi ni wa minikabu, magari ya kukodi kwa kuagiza, na wa programu za simu, kwa hiyo mwenyekiti alikuwa anajisherehekea. Kuna aliyediriki kuandika kwamba mimi ni mmoja wa waliopigwa picha. Si kweli. Wakati wenzetu wanajitolea kulala ndani ya mashine ile ya picha, mimi nilikuwa juu ya pikipiki na ubao wa ramani mbele yangu, mvua ikininyeshea, nikisoma Noleji, yaani mtihani wa kuzijua njia za London ambao lazima uufaulu ndipo uendeshe teksi nyeusi. Njia 320, maili sita kuzunguka Charing Cross kila upande, na kuitwa mara kwa mara mbele ya mtahini anayekuuliza umtoe pale umfikishe hapa, neno kwa neno, bila karatasi. Ilinichukua miaka minne. Sisemi haya kwa kujisifu.

Aliyesoma kijitabu, na vimebaki 140 nyumbani kwangu vikisubiri wasomaji, angeona kwamba Profesa hakuishia kwa wenye beji. Wapo waliompinga: pengine watu wenye kiungo kikubwa ndio wanaoweza Noleji, hawakukipata kwa kusoma. Basi yeye na mwenzake wakawafuata wanafunzi 79 tangu walipoanza, pamoja na watu 31 wasiosoma Noleji. Mwanzoni wote walikuwa sawa. Baada ya miaka mitatu hadi minne, 39 walikuwa wamefaulu, na kwao peke yao kiungo kilikuwa kimebadilika. Matokeo yakatoka mwaka 2011. Ndugu yetu mmoja aliyeacha Noleji njiani alisimama pale ukumbini akasema ametukanwa. Nilimweleza na leo narudia: utafiti unasema mlianza sawa. Matusi yako wapi?

Wa mabasi nao walinuna. Wanachama wetu sita wanaendesha mabasi, na baada ya siku ile watatu hawajalipa ada. Ni kweli kwamba mwaka 2006 Profesa alilinganisha teksi na basi, kwa sababu wote wanakaa kwenye foleni ile ile na mikiki ile ile, ila wa basi ana njia moja aliyopangiwa. Kukua kwa kiungo kulionekana kwa wa teksi tu. Lakini mlitoka nje kuvuta sigara kabla sijafika sehemu ya pili! Walipopewa mchoro mgeni wakatakiwa kuukumbuka baadaye, wa basi waliwashinda wa teksi. Yaani sisi wenye beji tumepata huku tukapoteza kule. Mke wangu anasema hilo halikuhitaji mashine.

Mzee mmoja alileta hoja kwamba mama huyu alipewa tuzo ya mzaha. Naam, mwaka 2003 alipewa ile ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaomchekesha mtu kwanza kisha ukamfikirisha. Mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza, na hilo mzee hakulitaja.

Kwangu mimi, kazi yake nzito zaidi wala si ya teksi. Mwaka 2007, yeye na wenzake waliwaendea wagonjwa watano ambao hipokampasi zao zimeharibika, watu wasioweza kutunza kumbukumbu mpya. Wakawaambia: usinisimulie ya zamani, jenga picha mpya kichwani, umelala ufukweni penye mchanga mweupe, unaona nini? Wengi wao walishindwa. Walitaja vipande vipande, bluu ya mbingu, sauti fulani, lakini pwani yenyewe haikusimama. Hapo ndipo alipopata hoja yake kubwa: kiungo hiki si ghala la kumbukumbu tu, ndicho kinachotujengea mandhari, ya jana na ya kesho pia. Wasomi bado wanabishana naye, na hata wabishi wanaanzia kwake. Aliyeongoza utafiti ule alikuwa mwanafunzi wake wa uzamivu, Demis Hassabis, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya akili mnemba ya DeepMind, na mwaka 2024 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia. Kijana mmoja akauliza kama ndiye anayetuletea magari yasiyo na dereva. Nilimwambia alete hilo kwenye mengineyo.

Nilipolisoma jaribio lile la pwani nilimkumbuka mzee wetu wa Pemba, mwanzilishi wa chama hiki, ambaye siku hizi anauliza kila baada ya dakika tano kama gari limetiwa mafuta. Mkewe alikuja siku ile. Akauliza: kama mume wangu angefanya Noleji badala ya kuendesha gari la mizigo, yangemkuta haya? Ukumbi ulinyamaza. Nilimtajia utafiti wa Marekani uliotoka mwishoni mwa mwaka 2024, uliopekua vyeti vya vifo karibu milioni 9 ukaona madereva wa teksi na wa ambulansi ndio waliokuwa na asilimia ndogo zaidi ya vifo vya Alzheimer, ule ugonjwa unaofuta kumbukumbu, ila wa mabasi hawakuonyesha nafuu hiyo. Waliouandika walianzia kwenye kazi ya Maguire. Lakini wenyewe walionya kwamba haithibitishi kazi ndiyo inayokinga. Kwa hiyo nilimjibu mama: sijui, na wao hawajajua. Ndugu wanachama, kwa swali lile moja mimi pauni 860 nasema zilikuwa halali.

Waliohudhuria siku ile ni 31. Najua mmehesabu kwamba tisa walikuwa wa nyumbani kwangu. Na ninyi wengine mnaojaza kundi la WhatsApp kwa sauti za dakika nne nne mlikuwa wapi? Na wanaoniita "Hipokampasi" nyuma ya mgongo wangu, mjue kwamba Profesa huyo huyo na wenzake mwaka 2020 walipima watu 217 wa kawaida, wakaona ukubwa wa kiungo hicho hauelezi nani ana kumbukumbu nzuri kuliko mwenzake. Jina hilo halina msingi wa kisayansi.

Kuhusu mwakani, tunatarajia, Mungu akijalia, kuanzisha mfuko mdogo wa kuwasaidia vijana wanaotaka kusoma Noleji. Wazo la kiwanja kule Kibaha, Tanzania, bado lipo hai. Kuhusu sherehe ya Desemba, kamati itaona. Uchaguzi ni Machi. Sijasema nagombea, na sijasema sigombei.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti, anapokea taslimu na kwa simu. Vijitabu vipo kwenye buti la gari langu, ni bure.

Naomba kuwasilisha.