Barua kwa Mama: Kura Yangu ya Kwanza

Leeds, Uingereza
7 Julai 2024

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na presha imetulia. Mimi sijambo, ila kazi ya hospitali inachosha. Shangazi naye mpe shikamoo yangu, najua utamsomea.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Hivi hao wagombea wa huko wamekosa la kusema, hata wagombanie mwanamke ni nani?" Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Nimeona niandike, maana jambo lenyewe ni refu na limenikaa moyoni.

Alhamisi tarehe 4 nilipiga kura. Ndiyo Mama, mimi huyu na pasipoti yangu ya Tanzania. Huku raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali anaruhusiwa kumchagua mbunge. Nilitoka zamu ya usiku, nikapitia ukumbi wa kanisa jirani na ninapokaa. Mama mmoja wa makamo akaitazama picha, akanitazama na mimi, akanikabidhi karatasi. Wino wa kidole hakuna. Kuna penseli imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Nilisimama nayo mkononi muda mrefu.

Uliuliza kama wanaosemwa kwenye ugomvi huo ni mahuntha. Hapana. Huntha huzaliwa na maumbile yasiyo bayana, na kwa ukunga wako hao unawajua kuliko mimi. Hawa wamezaliwa wa kiume au wa kike, lakini wanajijua na wanaishi kwa jinsia nyingine. Sheria ya mwaka 2004 inawaruhusu kubadilishiwa hati za jinsia, daktari akithibitisha na wakiwa wameishi hivyo miaka 2. Halafu kuna Sheria ya Usawa ya 2010: mwanamke asibaguliwe kwa uanamke wake, na aliyebadili jinsia naye asibaguliwe. Ugomvi unazuka pale haki hizo mbili zinapokutana kwenye mlango mmoja, wa choo, wa gereza, wa nyumba wanakokimbilia wanawake waliopigwa na waume zao.

Chama cha Sunak aliyekuwa Waziri Mkuu, Conservative, kiliahidi kuirekebisha sheria ya 2010 ili iseme wazi kwamba inahesabu jinsi ya kuzaliwa. Labour ya Starmer, walioshinda uchaguzi huu, ilisema itarahisisha utaratibu wa hati, ila uthibitisho wa daktari ubaki. Chama cha Kijani kinataka mtu ajitangaze mwenyewe, daktari asihusike. Chama kingine, Reform UK, hawataki mambo hayo yaguswe shuleni kabisa.

Kilichoniuma ni namna walivyoyasema. Mwezi wa pili, Sunak alimpiga Starmer kijembe Bungeni kuhusu maana ya mwanamke, siku ambayo mama yake Brianna Ghey alikuwa amefika hapo. Brianna alikuwa binti wa miaka 16, aliyebadili jinsia, na mwaka jana aliuawa kwa kuchomwa visu. Niliiona taarifa hiyo kwenye chumba cha mapumziko, nikashindwa kumaliza chai. Mama mzima amezika, watu wanarushiana vijembe.

Sasa nikuambie ninayoyaona mwenyewe. Nina mgonjwa, bibi wa miaka themanini na kitu, aliyevunjika nyonga. Asubuhi ya kwanza alinishika mkono, akaninong'oneza asioshwe na mwanamume. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mwezi wa nne serikali ya Sunak ilipendekeza ombi kama lake liandikwe kwenye mwongozo wa hospitali za umma, pamoja na wodi kugawanywa kwa jinsi ya kuzaliwa, na aliyebadili jinsia apewe chumba cha peke yake. Kwa maneno, hapo hakuna ubaya mkubwa.

Lakini chumba kiko wapi? Usiku mmoja alikuja mgonjwa aliyebadili jinsia, tumbo linamuuma, na vyumba vya mtu mmoja vyote vimejaa. Akalala kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido, watu wanapita, shuka kalivuta mpaka kidevuni, joto lote lile. Kwa muda wa saa tano nzima. Nilitafuta pazia la kukunja, nikalipata ghorofa ya chini, nikalipandisha mwenyewe. Hakusema kitu. Aliteremsha shuka tu, akapumua.

Nikakukumbuka wewe pale zahanati, ulivyokuwa ukifunga kanga mbili kwenye dirisha ili mzazi asitazamwe na wapita njia. Bibi yule anataka stara, na huyu wa korido anataka stara ile ile. Kijana wa chama kimoja alipobisha hodi na vipeperushi vyake nilimuuliza: vyumba vitajengwa lini? Akanisomea sentensi ya kwenye kipeperushi. Wiki sita za kampeni, sikumsikia mgombea hata mmoja akilizungumzia hilo.

Kura ni siri, lakini wewe ni mama yangu. Nimewapa Labour, na si kwa ajili ya wodi. Wameahidi kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 10, ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, na kuweka wataalamu wa ukatili wa majumbani kwenye vyumba vya polisi vinavyopokea simu za dharura. Tunaletewa wanawake waliovunjika mfupa wa mkono chini ya kiwiko, wanasema wameanguka kwenye ngazi. Mfupa ule huvunjika hivyo mtu anapoinua mkono kujikinga. Nitaihesabu hiyo miaka 10.

Mwambie Shangazi wanawake 263 wameshinda, kati ya wabunge 650, na huku hakuna viti maalumu. Kila mmoja kasimama jimboni kwake. Rachel Reeves, mbunge wa hapa hapa Leeds, ndiye Waziri wa Fedha, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo.

Dawa usiziruke hata ukijisikia vizuri. Nitapiga simu Jumatano nikitoka zamu.

Mwanao akupendaye.