Sifa tunazowapa wachungaji zinawanyima watu wa kuwaambia ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Kila yanapotokea ya kutokea kwenye mikutano ya dini, watu huuliza swali moja: Serikali ilikuwa wapi? Tuliuliza hivyo Februari 2020, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana uwanjani Moshi wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Tukauliza tena mwaka 2023, jirani zetu wa Kenya walipofukua kwenye msitu wa Shakahola miili zaidi ya 400, wengi wao watu walioacha kula mpaka wakafa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Swali ni la haki, na Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani ana kazi yake. Lakini Msajili anaona katiba ya kanisa na majina ya wadhamini. Haoni jinsi sisi waumini tunavyomchukua mtu wa kawaida, mwenye mke, watoto na madeni, tukamfanya asiulizike. Kazi hiyo tunaifanya wenyewe, na michango tunatoa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi. Nimeokoka, nasali kwenye kanisa moja la kiroho ambalo sitalitaja, maana haya ninayoyasema yako kwenye makanisa mengi na sipendi moja libebe mzigo wa mengine.

Mchungaji wetu, ambaye siku hizi ni lazima aitwe Mtumishi, nilimfahamu tangu anafika hapa na baiskeli na begi la nguo. Shati lake jeupe la Jumapili lilikuwa hilo hilo. Kola ilipochakaa niliifumua, nikaigeuza upande wa chini ukaja juu, nikaishona upya, na shati likaendelea kuhubiri. Alikuwa akikaa kwenye benchi la wateja akisubiri zamu yake kama mtu yeyote, anatafuna mihogo, na mabinti wanaojifunza kazi kwangu wanambana kwa maswali. “Baba Mchungaji, pale kwenye Ayubu hatukukuelewa.” Anacheka, anafungua Biblia, anaeleza tena. Mara nyingine anasema, “Hapo hata mimi sijui, niacheni nikasome.”

Mtu huyo hakuamka siku moja akajiona mkubwa. Alianza kupata kijana wa kumbebea Biblia. Akaja wa kumshikia mwavuli. Kiti chake cha mbao kikaondolewa madhabahuni, kikaletwa cha kochi jekundu chenye nakshi za dhahabu. Kina mama wakaanza kupiga magoti wakimpa soda. Kisha ikaja sherehe ya kila mwaka ya kumshukuru, na si bure kwamba imewekwa Novemba, minada ya korosho ikiwa imeshika kasi na fedha za wakulima zinaingia benki kupitia vyama vyao vya msingi. Namjua mjane aliyetoa malimbuko yake yote kwenye sherehe hiyo, na ilipofika palizi akawa anahangaika kukopa fedha za kuwalipa vibarua.

Mwaka jana kamati ikaamua akina mama wote washone sare ya kitenge chenye picha yake. Kitambaa kilichapwa Dar es Salaam, cha zambarau, sura ya Mtumishi ndani ya duara, na kila baada ya shibiri mbili duara jingine. Anayeshona anajua kitambaa cha namna hiyo ni mateso. Ukimkatia gauni mama mwenye mwili wake, duara moja linaangukia kifuani, jingine tumboni, na jingine, utake usitake, linaangukia makalioni. Gauni la kwanza nililopeleka lilirudishwa. Katibu wa kamati, dada ninayemheshimu sana, alilishika kwa ncha za vidole akaniuliza, “Fundi, sasa huyu mama akikaa si atakuwa amemkalia Mtumishi?” Nikamwambia, dada yangu, nimeshona vitenge vya kampeni za vyama uchaguzi baada ya uchaguzi, sijasikia mgombea hata mmoja akilalamika kwamba amekaliwa. Hakucheka.

Likaja agizo rasmi. Uso usiwe chini ya kiuno. Usiangukie kwapani. Usipitiwe na mkasi. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza, kwa sababu bila mkasi kupita mahali fulani gauni halipatikani. Ikabidi kila mama aongeze kitambaa, na kwa mama anayeuza maandazi stendi nyongeza hiyo si mchezo. Vipande vilivyobaki, ambavyo mafundi tunafutia mashine au tunajazia mito, niliambiwa nivirudishe vyote kwenye mfuko. Sikuuliza vinakwenda wapi.

Mtumishi mwenyewe alipita na gari siku hizo, dirisha limeshushwa nusu. Nikamwonyesha gauni na kumweleza habari ya makalio. Akacheka, kicheko kile kile cha kwenye benchi, akasema, “Fundi, hawa watu wananipeleka wapi?” Nikamjibu, “Si uwaambie, Baba.” Akanyamaza. Kijana aliyekaa mbele akapandisha kioo.

Nimekifikiria sana kioo kile. Watu wengi wanadhani hatari ya kumtukuza mchungaji ni kwamba anaweza kuwa tapeli. Matapeli wapo, na wao dawa yao ni polisi. Lakini mtu mwema naye tunamharibu. Mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 tu. Kwa bei ile huwezi kusema alikuwa ametega watu mtego wa fedha. Ni sisi tuliojaza magari, tukatoa wagonjwa wodini, wengine wakafia kwenye foleni kabla ya kukiona kikombe, na wengine wakaacha dawa za hospitali kwa kuwa wamekinywa. Umati ukishataka muujiza, hauna muda wa kumsikiliza hata huyo unayemsifu.

Sisi watu wa Kusini tungepaswa kuwa wa mwisho kuambiwa haya. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa wazee wetu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Siwacheki. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa viboko, vita yao ilikuwa ya haki, na maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Ila risasi hazikugeuka, na njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi zaidi ya bunduki. Wale walikuwa na Mjerumani mbele yao. Sisi wa leo tunakimbilia mafuta na vitambaa, aliyetushikia bunduki ni nani?

Nikisema hivi kanisani, jibu huwa tayari: “Msiwaguse masihi wangu.” Mstari huo wa Zaburi ya 105 umekuwa kufuli la mdomo. Daudi naye alikuwa masihi, alipakwa mafuta na Samweli mwenyewe, lakini alipomchukua mke wa Uria na kumuua mumewe, Nathani aliingia ikulu akamwambia usoni kwamba mwovu wa ile hadithi ya kondoo ni yeye. Hakuna aliyemshtaki Nathani kwa kumgusa masihi. Na Daudi alipona kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwambia.

Sisemi mchungaji asiheshimiwe. Timotheo anaandikiwa kwamba wazee watawalao vema wahesabiwe kustahili heshima maradufu, na mimi mchungaji akija dukani nampa kiti kabla ya wengine. Heshima ninaijua. Lakini kasome Matendo sura ya 14. Paulo na Barnaba wamemponya kiwete kule Listra, umati unapiga kelele kwamba miungu imeshuka, kuhani wa Zeu analeta ng’ombe na mashada ya maua kuwatolea sadaka. Mitume wakararua mavazi yao, wakaingia mbio katikati ya watu wakisema, sisi nasi tu wanadamu hali moja na ninyi. Kurarua vazi si jambo dogo, mimi fundi nakwambia. Na hata hivyo, Biblia inasema, kuwazuia ilikuwa kazi kubwa. Sasa angalia kinachofuata: wakaja watu kutoka Antiokia na Ikonio, wakaushawishi umati ule ule, na Paulo akapigwa mawe, akakokotwa nje ya mji wakidhani amekufa. Mchungaji anayefurahia mashada ya maua na aifikirie mistari hiyo miwili jinsi ilivyokaa karibu.

Na tusiambiwe kwamba unyenyekevu hauendani na kazi kubwa. Mji huu umewahi kuwa na Askofu Trevor Huddleston, Mwanglikana, tangu 1960 hadi 1968, na alikuja hapa akiwa tayari anajulikana duniani kwa kupambana na ubaguzi wa Makaburu. Desmond Tutu alikuwa akisimulia jinsi alivyokuwa mtoto huko Afrika Kusini, amesimama na mama yake aliyekuwa mfanyakazi wa jikoni, akapita padri mzungu akavua kofia kumwamkia mama huyo. Padri huyo alikuwa Huddleston. Kwa sheria na desturi za nchi ile lilikuwa jambo lisilofikirika. Tutu alikua, akapata Tuzo ya Nobel, akawa Askofu Mkuu, na hadithi ya kofia hakuiacha. Sisi kwetu ni mama ndiye anayepiga magoti.

Jirani yangu wa duka la pili ni Muislamu. Nilipomsimulia habari ya vitenge alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kwao, imamu akikosea katika swala, akasimama pale pa kuketi kwa mfano, wanaume walio nyuma yake husema “Subhanallah” ili azinduke. Akisahau aya, anayeijua humkumbusha papo hapo, swala ikiendelea. “Na haachi kuwa imamu wetu,” akasema. Nimeshindwa kutaja mahali katika ibada yetu ambapo muumini anaweza kufanya hivyo. Tuna nafasi ya “Amina” tu, na mshereheshaji huidai kwa nguvu ikichelewa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike, maana vitenge ningevivumilia.

Kuna mama wa makamo kanisani kwetu aliyekuwa akimeza dawa za presha kwa miaka. Kwenye ibada moja ya maombezi Mtumishi alimwekea mikono akasema, “Mama, umefunguliwa, mzigo huo umeutua.” Mama akarudi nyumbani, dawa akazifungia kabatini. Mwanawe alitaka kwenda kuuliza kama maana yake ni aache dawa. Wanamaombi wakamzuia, wakamwambia kuuliza ni kukosa imani, na utamvunja moyo Mtumishi. Hazikupita wiki nyingi mama akaanguka uani akifua. Mdomo ulipinda, na mkono wa kulia mpaka leo hauinui sufuria.

Nilikwenda nyumbani kwa mchungaji jioni, nikapitia jikoni kwa Mama Mchungaji, kwa sababu mlango wa mbele una vijana. Mchungaji alikuwepo, nikamweleza. Hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia hata kwamba ni kiharusi. Aliambiwa tu mama “anajaribiwa”. Akashika kichwa. Akaniambia, “Fundi, sikumwambia aache dawa. Mimi mwenyewe nina presha, nameza kidonge kila asubuhi.” Mama Mchungaji akaenda akakileta kikopo, akakiweka mezani. Mchungaji amenikubalia niliandike hili mradi nisimtaje.

Namwamini. Mtu anameza dawa kila siku, kanisa zima halijui, kwa sababu mtu wa kwenye kitenge haruhusiwi kuumwa. Laiti akina mama wangejua habari ya kile kikopo, yule mwenzao angekuwa anafua mpaka leo.

Tukakubaliana litolewe tangazo Jumapili: anayeombewa aendelee na dawa zake. Alikubali bila kusita, akaandika kwa mkono wake, akampa katibu. Jumapili ikafika, halikusomwa. Nilipomuuliza katibu alisema kamati imeona tangazo hilo litamshusha Mtumishi, itaonekana kama anajisahihisha. Nikamuuliza, Mtumishi mwenyewe anasemaje? Akasema Mtumishi hapaswi kusumbuliwa na mambo madogo. Jumapili iliyopita yalisomwa matangazo ya mazoezi ya kwaya, ya mchango wa bati na ya mafuta ya gari la Mtumishi. Lile bado.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba ulisome wewe, kwa kuwa gazeti lako linafika Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi, na kamati yetu haina mamlaka juu yake. Ukiombewa presha, sukari, kifafa, VVU au ugonjwa wowote, endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa, na asiyekuandikia asikuachishe; rudi kliniki upimwe, daktari ndiye aseme. Mchungaji wetu ndivyo alivyoandika, na karatasi yenye mwandiko wake ipo kwa katibu.

Jina langu unalo, naomba usilitoe.

Fundi Cherehani,
Masasi, Mtwara