Mwanangu, kabla hujasaini kazi ya kiwandani

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Morogoro. Sisi huku wazima, mguu wa baba yako unamsumbua asubuhi za baridi tu. Uliponipigia kuniambia umepata kazi kiwandani Mkuranga nilipiga vigelegele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakuuliza, na ukiumia je? Ukanijibu, "Mama, Mungu yupo." Yupo, baba, na jina lako silikosi kwenye sala. Lakini nataka tuzungumze habari ya unga na kodi ya nyumba siku mwili utakapokataa kwenda kazini, na maneno hayo hayaishi kwenye simu. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Baba yako alipoanguka kutoka ghorofa ya kwanza, walipokuwa wanapiga plasta, wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka POP na magongo tu. Mguu ulivunjika chini ya goti. Wiki za mwanzo nyumba yetu haikukauka watu. Jumuiya walichanga, mafundi wenzake walichanga, shangazi yako alileta kuku wawili. Kila shilingi ikaenda hospitali: picha, vyuma, dawa, nauli ya kwenda na kurudi kliniki. Tulipomaliza kulipa hospitali tukadhani tumevuka. Kumbe ndipo ilipoanza bili ya pili, ile ambayo hakuna dirisha la kuilipia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mkaa umekwisha. Wewe unataka daftari. Na mtu aliyekuwa analeta pesa kila Jumamosi amekaa kwenye benchi, mguu juu ya ndoo, anahesabu misumari ya bati. Mwezi wa nne hakuna anayechanga tena. Siwalaumu watu, kila mmoja ana yake. Tumezoea kuchangia msiba, harusi na hospitali. Unga wa mwezi wa nne haupitishiwi bahasha.

Kwa hiyo ukiniambia una bima ya afya nitafurahi, kata na uendelee kuilipia. Ila ujue bima hiyo inamlipa daktari. Haimlipi mwenye nyumba, na haikuletei mshahara ukiwa umelala.

Wewe unaingia kwenye kazi ya kuajiriwa, na hapo una kitu ambacho baba yako hakuwa nacho. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Yeye alianguka kabla. Mfuko huu ni wa wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, na anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona kwenye karatasi yako ya mshahara wamekukata pesa ya WCF, uliza hapohapo, hiyo si ya kwako kulipa. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni habari nyingine: kule mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako wasikate zaidi ya asilimia 10.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe. Ukiumia kazini, au ukapata ugonjwa uliosababishwa na kazi, ukawa huwezi kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, na inaweza kuendelea hadi miezi 24. Tuseme mshahara ni shilingi 300,000. Fidia itakuwa 210,000. Haitoshi anasa, lakini kodi inalipika na sufuria inapanda jikoni. Matibabu nayo yako kwenye Mfuko huohuo. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia: usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kama unahitaji mtu wa kukuhudumia siku zote, kuna malipo ya huyo mtu pia. Na mtu akifa kazini, wategemezi wake wanalipwa. Naliandika hili la mwisho kalamu ikiwa nzito, lakini mke wako siku moja atapaswa kulijua.

Mambo haya yanaharibikia mahali pamoja, nami nimeliona kwa vijana wa mtaani kwetu wanaofanya kazi viwandani. Kijana anakatwa kidole na mashine. Msimamizi anakuja mbio, anampa elfu hamsini na panadol, anamshika bega: "Nenda nyumbani upumzike, tutamalizana wenyewe, usiandike andike." Kijana anaona aibu kumkatalia mkubwa wake, anaondoka na kitambaa kimelowa damu. Baada ya miezi kidole kimepinda, msimamizi amehamishwa, na hakuna karatasi hata moja inayosema kidole kile kilikatwa pale. Wewe usikubali. Ukiumia saa nne asubuhi, saa nne na nusu msimamizi awe ameshaambiwa mbele ya mtu mwingine, na jina la huyo mtu ulishike. Hospitali mwambie daktari waziwazi kuwa umeumia kazini, na uhakikishe ameandika hivyo. Kila karatasi ipige picha unitumie. Dai lisipofika kwenye Mfuko ndani ya miezi 12 tangu ajali, haki inaweza kupotea, na mtu mwenye maumivu haoni miezi inavyokimbia.

Kuna kuugua kwa kawaida pia, malaria, kifua, tumbo la kupasuliwa, ambako hakuhusiani na mashine yoyote. Hapo unashika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, ile ED mnayoisema. Usitume ujumbe tu kwa msimamizi kuwa unaumwa ukalala. Nenda kituo cha afya, ED iandikwe, ifike ofisini, na nakala ubaki nayo. Angalia pia kuwa ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana likizo ya malipo kwa sheria hiyo. Maana yake nusu mwaka wako wa kwanza pale ndio wa hatari kubwa, na ndio ninaouogopa zaidi.

Wakikuachisha kazi kwa sababu umeugua, usirudi kijiweni kulalamika kwa wenzako. Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30. Chukua mkataba wako uende. Na ndiyo maana nakusihi uwe na mkataba wa maandishi. Wakikuambia utaingia kama kibarua kwanza, mkataba baadaye, waulize kwa heshima lini, na waulize kama jina lako litapelekwa NSSF. Kuuliza kwa adabu hakumfukuzishi mtu mwenye nguvu zake.

Nakuja kwenye pikipiki, maana hapa najua tutabishana.

Uliniambia unataka kuiuza ili ulipie chumba. Usiiuze, baba. Uliipigania kwa mkataba, ukapeleka hesabu kila siku, mvua na jua, mpaka kadi ikawa yako. Mwachie huyo kijana unayemwamini aiendeshe kama deiwaka, dereva wa kukushikia, akuletee hesabu kwa wiki, hata ikiwa ndogo. Mtu mwenye kitu kinachotembea wakati yeye amelala hawi sawa na mwenye mikono yake tu. Nakukumbusha yule fundi cherehani aliyekuwa kona ya sokoni. Alipougua kifua kikuu, dawa zilikuwa bure serikalini, miezi sita, akazimaliza na akapona kabisa. Lakini katika ile miezi sita watoto walikuwa wanakula, na mwezi wa tatu akaiuza cherehani. Alirudi na afya yake, hana cha kushonea. Mpaka leo anashona kwa mashine ya mwenzake, na nusu ya ujira inabaki kwa mwenye mashine. Angempata mtu wa kuikalia cherehani ile wakagawana, angeikuta.

Ila na kwa pikipiki kuna jambo. Ile bima ndogo, third party, inamhusu abiria wako na mtu utakayemgonga. Wewe dereva ukiteleza mwenyewe ukavunjika, haikulipi. Deiwaka naye hivyo hivyo, mwambie asije akadhani amekingwa. Na ukigongwa na gari la mtu, bima ya gari lile ndiyo unayoidai, kwa hiyo anayekuokota aandike namba ya gari, wewe ukimbizwe hospitali, na mwingine afuate PF3, ile fomu ya majeruhi, polisi. Bila kumbukumbu ya polisi dai lako halina miguu.

Watu watakuletea pia bima za ajali binafsi, nyingine za kwenye simu. Sikukatazi. Waulize tu: inaanza kulipa siku ya ngapi, inalipa kwa siku ngapi, kitu gani haikilipi. Wakijibu kwa mzunguko, shukuru uondoke.

Na pesa yako mwenyewe? Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, nitakusemea ninachokiona Jumatano hadi Jumatano. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti. Likifunguliwa, hisa zinahesabiwa mezani, na pembeni kuna kibakuli cha mfuko wa jamii. Kila mmoja anadondosha kidogo, hata siku ambayo hana cha kununulia hisa. Kibakuli kile ndicho kilichotulisha miezi ile ya mguu wa baba yako. Hatukuchukua mkopo hata mmoja. Tafuta kikundi cha namna hiyo huko, chenye watu unaowajua kwa sura na chenye daftari. Halafu weka pembeni kodi ya miezi mitatu usiyoigusa, hata ikikuchukua mwaka kuifikisha. Simu mpya isubiri.

Ukikwama, nipigie mimi kabla hujakwenda kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu. Nawaona hapa mtaani wanavyofuata marejesho, wanabeba godoro mtoto akiwa amelilalia. Mgonjwa ndiye mteja wanayempenda, kwa sababu ana shida leo na hana nguvu ya kusoma karatasi.

Nikwambie na la baba yako, ambalo yeye hatakwambia. Maumivu aliyastahimili. Kilichomwangusha ni kukaa. Alikuwa anagombana na redio. Siku moja nilimwekea ndoo ya viazi mbele ya benchi, nikamwambia wateja wa chipsi wananizidi. Hakunijibu, alichukua kisu akaanza kumenya. Alimenya vibaya, vinene, wiki ya kwanza tulipoteza viazi. Baadaye akawa anamenya, anakata, anashika daftari la wadaiwa, na mimi nikaongeza jiko la pili. Mauzo ya jiko lile ndiyo yaliyolipa kodi. Hakuwahi kurudi kupanda ghorofa, lakini ndani ya nyumba hii hajawahi kuwa mtu asiye na kazi. Ukiumia, usijifungie chumbani kwa aibu. Angalia mkono gani bado unashika, na utuambie mapema.

Nina maombi machache. Nitumie picha ya mkataba kabla hujaweka sahihi, nitaupeleka kwa afisa kazi hapa mjini auangalie. Wakikupa fomu ya NSSF, majina ya wategemezi yaandike kama yalivyo kwenye vyeti vyao, usiandike majina ya nyumbani. Vaa glavu na viatu vya kazi wanavyotakiwa kukupa, na wasipokupa omba kwa maandishi. Na nipe namba ya huyo deiwaka, nimpigie mwenyewe nimsikie sauti.

Baba yako anauliza kama huko Mkuranga viazi ni bei gani kwa gunia.

Mimi mama yako akupendaye.