Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Anga kwa Mgeni Rasmi, Uzinduzi wa Maabara ya Simuleta

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa kitivo, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kutuzindulia maabara hii.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wengi wakisikia simuleta ya ndege, yaani mashine inayoiga urukaji bila kuondoka chini, hudhani tunasomea urubani. Hatuwalaumu. Edwin Link, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alipounda mashine yake mwaka 1929 kwa pampu na mivukuto ya vinanda, aliwalenga marubani. Shida yetu sisi ni nyingine: tunakokotoa milinganyo ya uthabiti, yaani uwezo wa ndege kurudi yenyewe katika mkao wake ikitikiswa, tunapata alama nzuri, na bado hatujui ndege hiyo ingekuwaje mkononi.

Katika majaribio ya awali kwenye simuleta tulirudisha kitovu cha uzito wa ndege, yaani pale uzito wake unapojisawazisha, nyuma kidogo kidogo. Mwanzoni usukani ulikuwa mwepesi tu, hata ukapendeza. Baadaye pua ikawa nzito kurudi ilipotoka. Tulipovuka mpaka wa uthabiti, kila pua ilipoinuka ilizidi kuinuka yenyewe, na mwenzetu akawa anaikimbiza huku jasho likimtoka. Ubaoni badiliko hilo ni alama ya hasi kugeuka chanya, basi.

Tunatumia pia kipimo cha Cooper na Harper cha mwaka 1969, cha jinsi ndege inavyoongozeka mkononi mwa rubani, ambapo 1 ni ndege inayotii vizuri na 10 ni isiyodhibitika. Mbunifu huipa ndege yake 2. Mwenzake akiketi, anaipa 7. Ubishi unaofuata una faida kuliko mihadhara mingi, wahadhiri wetu watuwie radhi.

Mheshimiwa, hatuombi skrini kubwa zaidi wala jukwaa la miguu sita linalotikisika. Tunaomba mafunzo ya programu huria za kuiga urukaji wa ndege kama FlightGear na JSBSim, ambazo tunaweza kuzifungua na kubadili hesabu zilizomo ndani. Tunaomba pia takwimu za safari halisi za majaribio ili tulinganishe, kwani simuleta hujua yale tu iliyoambiwa, na bawa linapokaribia kupoteza nguvu ya kuinua inaweza kutudanganya bila haya. Mwisho, tunaomba fundi wa kudumu, ili maabara isifungwe saa za jioni, wakati ambao sisi tuna nafasi.

Naomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanafunzi wa uhandisi wa anga.