Bibi yako hakuwa na kiburi

Mwanangu Tusekile,

Marahaba mama. Tangu ulipokata simu jana sijapata usingizi. Umesema wenzako hapo chuoni wanakuita mvivu kwa kuwa hufiki ghorofa ya tatu bila kukaa kwenye ngazi. Neno hilo nalijua. Bibi yako aliitwa mwenye kiburi, na wote wawili mmesingiziwa kwa ugonjwa ule ule.

Huku kwetu Tukuyu mtu asiyeitikia salamu hasamehewi haraka. Bibi alipokaribia miaka arobaini, wanawake wakaanza kumpita njiani bila kumwamkia. Siku moja, nikiwa darasa la sita, mfuniko wa sufuria ulianguka kwenye saruji jikoni. Mimi nilishtuka hadi nikamwaga maziwa. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anamenya ndizi, na kisu hakikusimama hata kidogo. Nikadhani amenikasirikia. Masikio yalikuwa yanakufa, na hakuna aliyejua, labda hata yeye mwenyewe.

Baadaye ikaja sukari, naye alikuwa mwembamba kama unavyomwona kwenye picha. Kisha mjomba wako: kope zikalegea, kichwa kikawa kinamuuma hadi anatapika, halafu akapata kitu kama kiharusi kabla hajafika miaka thelathini na tano. Ukoo ukasema karogwa, na tulipoteza mwaka mzima tukizunguka kwa waganga. Hospitalini nako kila kiungo kilikuwa na kliniki yake, siku yake na daftari lake. Wa masikio alitazama masikio, wa sukari akatazama sukari. Siwalaumu sana, maana hata sisi wa nyumba moja hatukuunganisha.

Sukari yangu ilipoanza na sikio la kulia likaanza kuvuma, daktari mmoja kijana aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mama, kwenu upande wa mama yako, nani mwingine hasikii vizuri?" Nikamtajia bibi, nikamtajia mjomba. Akageuza karatasi, akachora ukoo wetu kwa duara na miraba, akiwatia wino wagonjwa. Wino wote ukashuka kutoka kwa bibi. Akaomba mkojo wangu. Nikashangaa, masikio na mkojo wapi na wapi? Akanieleza kuwa kasoro aliyoishuku hupungua kwenye damu kadiri mtu anavyozeeka, lakini kwenye mkojo huonekana vizuri zaidi. Sampuli ikapelekwa nje ya nchi, nasi tukasubiri miezi.

Ndani ya seli zetu mna mitokondria, ndizo zinazotengeneza nguvu ya mwili. Zina vinasaba vyake zenyewe, kama maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi 16,569 tu, na mtoto huvirithi kwa mama yake. Majibu yalipokuja, yalionyesha kwetu imebadilika herufi moja, ya 3243. Wanasayansi waliitambua kasoro hiyo mwaka 1990, nasi tulikuwa tunaiita kiburi na uchawi. Viungo vinavyokula nguvu nyingi ndivyo huumia: ubongo, misuli, moyo, masikio.

Kwa nini basi kila mmoja aumwe chake? Fikiria sufuria ya kande. Seli moja ina mitokondria nyingi, nzima na zenye kasoro zimechanganyika. Ukipakua, upawa mmoja hujaa maharage, mwingine mahindi matupu. Ndivyo nilivyowapakulia wewe na kaka yako bila kuona ninachopakua. Ndiyo maana yeye anacheza mpira dakika tisini na wewe unakaa kwenye ngazi. Watoto wa kaka yako hawataipata kwake. Wako wanaweza, na kiasi gani hakuna anayeweza kukuahidi. Imeniuma kuandika sentensi hiyo, mama, lakini ningeificha ungekuja kunidai siku moja, na ungekuwa na haki.

Kupima ni uamuzi wako, umeshakuwa mtu mzima. Ninachokusihi ni kwamba usiingie kwa daktari yeyote ukataja uchovu peke yake. Mpe ukoo mzima. Mwambie kabla hajakuandikia dawa, kwa sababu valproeti ya kifafa madaktari huikwepa kwa watu kama sisi wakiwa na nyingine, na metifomini ya sukari pia wanaihofia kwa kuwa inaweza kuongeza asidi kwenye damu. Dawa ya kuung'oa ugonjwa wenyewe haijapatikana. Lakini sukari inatibika, kifafa kinatibika, moyo unafuatiliwa, na kifaa cha masikio kinasaidia. Usikae na njaa, na homa ikikushika usingoje asubuhi.

Ile karatasi ya miraba na duara nimeitoa nakala stendi. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa linalokuja Iringa, pamoja na parachichi na kimkungu cha ndizi. Duara lako daktari aliliacha jeupe. Karatasi iweke kwenye bahasha kavu, usiikunje katikati, mstari wa bibi umeanza kufutika.

Mama yako